MITI YA KIWANJANI NAYO IANDIKWE DAFTARINI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twalijua sana neno hilo, maana daftari ndiyo kazi yetu. Lakini turudipo makwetu, Kilosa na Mikumi, iko mali moja tuiachayo bila kuandikwa, nayo ni miti.

Mwanachama anayo hati ya kiwanja, na stakabadhi za bati na saruji amezitunza. Mwulize ana miembe mingapi, mitiki yake ilipandwa mwaka gani, mti upi umeoza kiini, hana jibu.

Jambo hili si dogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, miti na mazao yaliyotokana na mtaji au jasho la mwenye ardhi huhesabiwa katika maendelezo yake, na ardhi ikitwaliwa yastahili kulipwa. Kilosa twaelewa maana yake. Kabla treni ya umeme haijaanza kupita hapa kwenda Dodoma mwaka 2024, ardhi ya njia yake ilibidi itwaliwe kwanza. Kesho itakuwa barabara au nguzo za umeme. Siku hiyo, mwenye orodha iliyofanywa kabla ya vigingi atasikilizwa. Aanzaye kuhesabu baada ya vigingi atashukiwa.

Tena si kila mti ulio kiwanjani ni wa kukatwa upendavyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yampa Waziri uwezo wa kutangaza aina za miti zisizokatwa bila kibali. Wenye mashamba ya miombo upande wa Mikumi, wenye mininga na mipingo, yawapasa kujua walicho nacho kabla ya kumwita mwenye msumeno.

Basi aitwe mjuzi. Bwana Misitu atakwenda mti kwa mti: ataandika jina lake, atapima unene wa shina kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini, atakadiria urefu, atatazama mizizi, nyufa na mchwa, kisha atatia kila mti katika ramani ya kiwanja. Hapo utajua mwembe upi waielemea nyumba, na upi unashika ukingo wa mto usiliwe na maji. Nasi tulioona Mkondoa ukifurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Lakini bei ya fidia si kazi yake. Hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa.

Wako wasemao, "Miti yangu naijua mwenyewe." Ni kweli, waijua, je, mjane wako na wanao wataijua? Na barazani, ujuzi wa kichwani una uzito gani mbele ya karatasi yenye tarehe na sahihi?

Wengine watasema gharama ni kubwa. Twashauri wenye viwanja vilivyo karibu wachange pamoja, wamwite mtaalamu mmoja kwa siku moja. Chuo Kikuu cha Sokoine, kifundishacho elimu ya misitu, kiko Morogoro, si mbali nasi. Na katika Halmashauri aulizwe Afisa Misitu.

Haya ndugu, tusiwe waganga wasiojiganga. Tumetunza daftari za Serikali miaka mingi. Sasa tufungue na la miti yetu.