Mhisani akiondoka, nani atanunua mafuta?

Kila mwaka ifikapo tarehe 13 Juni, katika miji kadhaa ya nchi hii huonekana msafara wa watu waliovaa kofia pana, wakitembea chini ya jua lile lile ambalo ndilo adui wao wa kwanza. Hiyo ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2014 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mgeni rasmi huhutubia, wahisani kutoka ng'ambo hupewa nafasi ya kusema machache, na makopo ya mafuta ya kujikinga na jua hugawiwa mbele ya wapiga picha. Kesho yake turubai hukunjwa, viti hurudishwa vilikoazimwa, na mtoto aliyepewa kopo lake hurudi kijijini. Jambo ambalo kwa kawaida halimo katika hotuba ni hili: kopo hilo likiisha, la pili litatoka wapi?

Swali hilo si dogo. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na upungufu wa ile rangi ya asili ambayo kwa watu wengine huizuia mionzi ya jua isiichome ngozi. Hali hiyo hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, na wazazi wenyewe waweza kuwa weusi ti na wasijue kwamba wanaibeba. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba wanayopata ina uwezekano mmoja kati ya minne wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Hapana laana wala mkosi katika jambo hilo, na mama hana kosa lolote la kuulizwa. Lakini katika nchi iliyo karibu na Ikweta, ngozi isiyo na kinga huanza kuharibika tangu mtoto akibebwa mgongoni. Mwaka 1985 Luande, Henschke na Mohammed walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ngozi za watu 350 wenye ualbino, uliofanywa Dar es Salaam, wakaeleza jinsi madhara hayo yanavyoanza utotoni na kuishia katika saratani. Kwa hiyo jambo hili limejulikana kitaalamu kwa miaka arobaini. Saratani hiyo yaweza kuzuiwa kwa vitu vinavyoeleweka na kila mtu: kofia, shati la mikono mirefu, kivuli, mafuta, na tabibu anayejua kukitambua kidonda kingali kidogo.

Dunia, hata hivyo, haikuvutwa na saratani. Ilivutwa na mauaji. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo kwa imani ovu kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema wa BBC aliingia kwa siri katika nyumba za waganga na kuifichua biashara hiyo. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia Bungeni kwa kura za jimbo. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika kipindi hicho hicho misaada ya nje ilimiminika. Raia wa Canada, Peter Ash, ambaye mwenyewe ana ualbino, alianzisha mwaka 2008 shirika la Under the Same Sun, ambalo lilifungua ofisi Dar es Salaam na kuwasomesha watoto wengi. Kutoka Uingereza lilikuja shirika la Standing Voice. Wapo na wengine, wakubwa na wadogo, na wapo vijana wa kujitolea waliokuja kwa nauli zao.

Wote hao wastahili shukrani, na mtu anayebeza kazi yao hajamwona mtoto aliyeokolewa nayo. Lakini shukrani haimzuii mwenyeji kupima. Ipo misaada iliyoacha kitu nchini na ipo iliyoacha picha, na mtumishi wa umma anayezikaribisha zote mbili kwa ngoma ile ile hajaitendea haki kazi yake.

Mfano wa ile ya kwanza uko Moshi. Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 chuo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Serikali, wenye hospitali na jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa ngozi. Waasisi wake wangeweza kuchagua njia nyepesi, yaani kuleta madaktari bingwa kutoka Ulaya kwa majuma machache, wapasue vidonda, waondoke. Badala yake waliamua kuwafundisha matabibu wa Kiafrika, watu ambao baada ya masomo hurudi wilayani na kukaa huko, wakamhudumia mgonjwa mwaka hadi mwaka. Wanafunzi wametoka Tanzania na nchi nyingi nyingine za Afrika. Katika mkoa wa Kilimanjaro watumishi wa chuo hicho wameendesha kliniki za kutembea, wakiwafuata wenye ualbino huko huko waliko, wakichunguza ngozi zao na kuwafundisha kujikinga.

Ni hapo hapo Moshi ambapo mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, alianza kazi ambayo yafaa ichunguzwe na kila mwenye kupanga miradi. Mafuta ya jua yaliyokuwa yakifika nchini kama zawadi yalikuwa masalio ya wasafiri na maduka ya Ulaya: makopo ya kila aina, mengine yamekaribia kuharibika, yenye maelezo ya lugha asiyoijua mtumiaji, na yakija bila ratiba. Yeye na wenzake wakaanza kuyatengeneza mafuta hayo papo hapo KCMC, kwa kuzingatia ngozi ya mtu mwenye ualbino na joto la nchi hii, huku kampuni ya kemikali ya Ujerumani, BASF, ikichangia utaalamu. Mafuta hayo yaliitwa Kilisun, jina lililotokana na mlima wenyewe. Tofauti iliyopo si ya bei tu. Mafuta yanapotengenezwa karibu, mtumiaji aweza kusema kwamba yanateleza, au yana harufu asiyoipenda, au kopo halifunguki, na mtengenezaji akarekebisha. Zawadi haina mlango wa kupelekea malalamiko.

Ile namna ya pili ya msaada inajulikana na kila mwalimu mkuu aliyewahi kupata barua ya kumjulisha kwamba wageni wanakuja. Masomo husimama. Shairi hutungwa na ngoma hufanyiwa mazoezi majuma mawili kwa ajili ya mgeni atakayekaa saa moja. Watoto wenye ualbino hutolewa madarasani na kupangwa mstari, juani, ili wapigwe picha pamoja na zawadi. Kijana wa kujitolea huwazoea kwa siku kumi, nao humzoea, kisha huondoka na harudi tena. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Katika jambo hili wenyeji wengi wameuogopa usemi huo, wakidhani kumwelekeza mhisani ni utovu wa adabu. Hasha. Mgeni mwenye nia njema hufurahi akionyeshwa shamba, na asiyetaka jembe ni heri ajulikane mapema.

Chama cha Albino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978, miaka thelathini kabla ya makamera ya kigeni kufika Kanda ya Ziwa. Wanachama wake wanajua ni kata gani kuna mama aliyekimbiwa na mume baada ya kujifungua, na ni zahanati gani tabibu wake ana mkono mzuri. Bado hutokea shirika likafika wilayani na mpango uliokwisha kuandikwa, likawaita wanachama hao siku ya ufunguzi tu ili wakae viti vya mbele. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zimewapa maofisa wa Serikali uwezo wa kutosha kuuliza: mpango huu umejadiliwa na nani, utaishia lini, na ukiisha kazi itashikwa na nani? Afisa Maendeleo ya Jamii ambaye hajawahi kuuliza maswali hayo kabla ya kugonga mhuri amegeuza ofisi yake kuwa kibanda cha kukatia tiketi.

Suala la vituo vya kulelea watoto ndilo zito kuliko yote, na halina jibu jepesi. Wakati wa hatari kubwa ilibidi watoto wakusanywe mahali penye ulinzi, na shule kama Buhangija mkoani Shinyanga na Mitindo huko Misungwi, ambazo tayari zilikuwa zikiwahudumia watoto wasioona, ziliwapokea. Waliofanya hivyo waliokoa maisha. Lakini kituo, kikishapata jina, huwa na mvuto wake. Mhisani hupenda mahali ambapo watoto wako pamoja, wanahesabika, na lori laweza kufika. Kumfuata mtoto mmoja aliye kwa bibi yake, kilomita 60 kutoka barabara kuu, ni kazi ya gharama na haipendezi kwenye taarifa. Basi msaada hukaa kituoni, na kwa kuwa msaada uko kituoni, mzazi huona mwanawe yuko salama huko, akaacha kumtembelea. Miaka hupita, na mtoto aliyeletwa akiwa na umri wa miaka mitano huwa kijana asiyeijua lugha ya kwao wala kaburi la babu yake. Kumrudisha nyumbani kwataka mwenyekiti wa kijiji atakayemlinda, mwalimu atakayempokea, na Afisa Ustawi wa Jamii mwenye pikipiki na mafuta ya kuiendesha. Hiyo ndiyo kazi ambayo wahisani wangeombwa wachangie, na ambayo huombwa kwa nadra.

Kwa upande wa walimu, yapo mengi yasiyongoja fedha ya mtu. Mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu ambao miwani haiuondoi wote, naye akiketi nyuma huonekana mjinga ilhali hauoni ubao. Yafaa akae mstari wa kwanza, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na aruhusiwe kusimama na kusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Karatasi za mtihani zenye maandishi makubwa zipo kwa watahiniwa wa namna yake, lakini ni sharti mwalimu atoe taarifa zake wakati wa kuandikisha. Asimamishwe kivulini wakati wa gwaride la asubuhi, na zamu yake ya bustani iwe kabla ya jua kukaza au apewe kazi ya ndani. Sare isiwe kisingizio cha kumvua kofia. Shule ambayo humwadhibu mtoto huyo kwa kuvaa kofia inamwadhibu kwa kujikinga na saratani. Na lile neno "dili", ambalo watoto hulitupa uwanjani kama mzaha, lilitokana na bei waliyopangiwa watu wenye ualbino na wauaji wao. Mwalimu akilisikia na kunyamaza, amelipitisha.

Kwa upande wa fedha, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 katika nchi nzima. Wakiwekwa wote katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, watajaza zaidi kidogo ya robo yake. Hata kama idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo, huo si umati wa kuishinda bajeti ya nchi. Chanjo na dawa za maradhi mengi hununuliwa kwa watu wengi zaidi. Mafuta haya yameonekana kuwa mzigo kwa sababu moja: yalianza kama zawadi, na kitu kilichoanza kama zawadi huchelewa sana kuitwa dawa. Mzazi hufika zahanati akaambiwa asubiri wafadhili. Haambiwi hivyo mwenye malaria.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliziagiza Halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Sheria iliyoweza kulifikiria shamba la kuku la mtu mwenye ualbino haiwezi kushindwa kuifikiria ngozi yake. Hapahitajiki tume wala semina. Kinachohitajika ni kila wilaya kuwa na orodha ya watu wake kwa kata, kila mmoja na makopo anayohitaji kwa mwaka, na mahitaji hayo yaingie katika maombi yanayopelekwa Bohari ya Dawa pamoja na dawa nyingine. Wahisani wakiwapo, wachangie juu ya orodha hiyo. Wakiondoka, kama wanavyoondoka siku hizi kila serikali za kwao zinapopunguza fedha za misaada, orodha ibaki na mnunuzi wake abaki.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo watumishi wa Halmashauri wanalijua vizuri. Tarehe 13 Juni huangukia siku 18 kabla ya mwaka mpya wa fedha, wakati bajeti zimekwisha kupitishwa na hakuna tena nafasi ya kuingiza fungu jipya. Ahadi inayotolewa jukwaani siku hiyo imechelewa tayari kwa mwaka mzima. Mwalimu mkuu mwenye mtoto mmoja wa namna hiyo shuleni kwake, na Mganga Mkuu wa Wilaya anayepokea barua yake, wana kazi ya kufanya mapema zaidi, katika miezi ile ambayo hakuna maandamano, wakati makisio ya kata yangali yanakusanywa na jina la mtoto huyo bado laweza kuandikwa.