TAKWIMU ZA KILA WIKI: TUKUBALIANE WIKI INAANZA LINI

Kila Jumatatu asubuhi watunza takwimu wa vituo vya afya hufungua rejesta, huhesabu wagonjwa wa wiki iliyopita na kutuma taarifa. Juu ya fomu huandika "Wiki ya 10" au "Wiki ya 11". Je, umewahi kujiuliza namba hiyo inatoka wapi? Wengi wetu tunaiachia kompyuta, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea.

Chukua Jumanne, tarehe 10 Machi 2026. Ukiiuliza programu ya R kwa alama ya %V, itajibu kuwa ni wiki ya 11. Ukitumia %U, itasema wiki ya 10. Stata, kwa amri ya week(), nayo itasema 10. Excel, kwa WEEKNUM ya kawaida, itasema 11, lakini Jumapili ya tarehe 15 itaruka hadi 12 wakati %V bado iko kwenye 11. Hakuna programu iliyoharibika hapo. Kila moja inafuata kanuni yake.

Kanuni ya kimataifa, ISO 8601, inasema wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye tarehe 4 Januari. Wataalamu wa magonjwa wa Marekani huanza wiki yao Jumapili, na wiki ya kwanza lazima iwe na angalau siku nne ndani ya mwaka mpya. Stata huhesabu siku saba saba kuanzia tarehe 1 Januari bila kujali ni siku gani, na siku zinazobaki Desemba huziingiza zote kwenye wiki ya 52.

Tusishangae. Hata lugha zetu hazihesabu siku namna moja. Kwa Kiswahili tunasema Jumatatu, yaani siku ya tatu, kwa sababu hesabu yetu inaanzia Jumamosi. Mnyarwanda na Mrundi siku hiyo hiyo huiita ya kwanza, "ku wa mbere". Watu hao wote hukutana katika chumba kimoja cha matibabu hapa Rusizi na huelewana, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anazungumzia siku ipi. Kompyuta haiwezi kukisia hivyo.

Rusizi, ambayo wengi bado tunaiita Cyangugu, ni mlango. Mwaka 2004 wakimbizi walivuka kutoka Bukavu, na mwaka 2015 wakaja kutoka Burundi. Wengi hukaa kwa muda tu kisha huhamishiwa kambi za mbali, kama Warundi waliopelekwa Mahama, kambi iliyofunguliwa mwaka huo wa 2015. Mtoto anaweza kuanza kuhara hapa na kutibiwa kule. Kama wiki ya 10 ya huku ni wiki ya 11 ya kule, atakayeziunganisha taarifa hizo ataona magonjwa mawili yaliyoachana kwa wiki nzima, kumbe ni moja.

Hatari kubwa zaidi iko mwisho wa mwaka. Katika kambi nyingi, tahadhari ya kuhara majimaji hutolewa wagonjwa wanapofika mara moja na nusu ya wastani wa wiki tatu zilizotangulia. Tuseme wastani ni wagonjwa 20 kwa wiki. Basi 30 ni tahadhari. Tuseme pia kuanzia Jumatatu tarehe 29 Desemba 2025 hadi Jumapili tarehe 4 Januari 2026 walikuja wagonjwa 34. Kwa kanuni ya kimataifa hiyo ni wiki moja, wiki ya 1 ya mwaka 2026, na tahadhari inatolewa. Lakini ukitumia %W katika R, wiki hiyo inakatwa vipande viwili: siku tatu za Desemba zinakuwa wiki ya 52, na siku nne za Januari zinaitwa wiki ya 0. Wagonjwa 14 huku, 20 kule. Grafu imetulia, na hakuna anayekwenda kupima maji.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka Goma, upande wa kaskazini wa Ziwa letu la Kivu, Julai 1994. Wakimbizi wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mbele ya ugonjwa wa namna hiyo, wiki moja ni muda mrefu sana.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuandike tarehe kamili ya kila mgonjwa, siku, mwezi na mwaka. Namba ya wiki hutolewa kwenye tarehe, lakini tarehe haiwezi kutolewa kwenye namba ya wiki. Pili, tuchague kanuni moja. Napendekeza ya kimataifa: %V katika R, na ISOWEEKNUM katika Excel ya 2013 na zilizofuata. Tatu, namba ya wiki iende na mwaka wake. Tarehe 29 Desemba 2025 ni wiki ya 1 ya 2026. Ukiiunganisha na mwaka wa kalenda itakuwa "wiki ya 1, 2025", na wagonjwa wako watarudi nyuma mwaka mzima. Katika R mwaka sahihi unapatikana kwa %G. Nne, fomu ziwe na nafasi ya wiki ya 53, kwa kuwa mwaka 2026 unayo, kuanzia tarehe 28 Desemba hadi 3 Januari 2027.

Na kama huna kompyuta, fanya jambo moja tu: kando ya namba ya wiki andika tarehe ya Jumatatu yake. Mistari miwili ya wino inatosha. Atakayeisoma taarifa yako, awe Kigali, Bukavu au Mahama, hatakuwa na haja ya kukisia.

Ndugu msomaji, kabla hujatuma taarifa ya wiki hii, muulize mwenzako wa kituo cha jirani: kwenu wiki ilianza lini?