Msitu, Pori na Ngitili

Msafiri anayevuka kutoka Kigongo kwenda Busisi, kisha akashika njia ya Sengerema hadi Geita, hupita katika ardhi yenye miti ambayo watu hawajakubaliana jina lake. Bwana misitu huiita msitu. Mkulima anayetafuta mahali pa kupanda muhogo huiita pori. Mfugaji wa Kisukuma, akiona kipande kilichofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake ziliwe kiangazi, hukiita ngitili. Huenda wote watatu wanaitazama miti ileile, lakini kila neno lina haki yake ndani yake.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huhesabu kuwa msitu eneo lililozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kupita urefu wa mita 5, ambayo matawi yake yamefunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo ilichukua kipimo cha asilimia 10. Kwa hesabu ya namna hiyo, tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilipata hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya Tanzania Bara. Sehemu kubwa kabisa ya hekta hizo ni miombo na miti iliyotawanyika, ambayo mwananchi huiita pori bila kusita. Mwananchi huyo akisikia msitu hufikiri giza, unyevu na miti iliyofungamana, kama katika kisiwa cha Rubondo. Basi, takwimu husema nusu ya nchi ni msitu, na sikio husema msitu karibu haupo.

Madhara yake si madogo. Pori, katika mazungumzo ya kila siku, ni mahali pasipo na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kueleza ardhi ya jumla, ilitia humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Anayesema “lile ni pori tu” amekwisha kutoa ushahidi kwamba halitumiki, ilhali humo hutoka kuni za kubanikia samaki, mkaa wa mjini Mwanza, matimba ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke, asali na dawa. Ajabu ni kwamba Serikali hiyohiyo huita Pori la Akiba eneo la wanyama ambalo mtu haingii bila ruhusa!

Mkanganyiko huu si wa Kiswahili peke yake. Neno la Kiingereza la msitu, katika zama za kati, lilikuwa na maana ya ardhi ya kuwindia ya mfalme, iwe na miti au isiwe nayo.

Ngitili yastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walifyeka vichaka vya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o, na vichaka vikahesabiwa kuwa adui wa ng'ombe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, haukuwaletea Wasukuma neno geni. Uliwarudisha kwenye ngitili, na miti ikachipua kutoka visiki vyake. Wenyeji waliilinda kwa sababu ilikuwa malisho yao. Kama kipande hichohicho kingeandikwa “msitu wa hifadhi” tangu mwanzo, mfugaji angekuwa na sababu ya kuogopa kwamba kesho atazuiwa kuingiza ndama wake.

Kwa hiyo yafaa ramani za matumizi ya ardhi katika vijiji vya Misungwi, Sengerema na Geita ziandike majina mawili sambamba: lile la kitaalamu na lile la wenyeji, pamoja na maelezo ya nani huingia humo, kwa kazi gani na katika majira gani. Wa kwanza kuulizwa wawe wanawake wanaookota kuni, maana wao huenda humo mara nyingi kuliko mpimaji.