Tundu Lisilolingana na Bolti

Gari aina ya Ford Mustang lilipoanza kuuzwa nchini Marekani tarehe 17 Aprili 1964, halikuwa na fremu nzito iliyojitenga na bodi kama ilivyo katika lori. Bodi yenyewe, iliyoundwa kwa mabati yaliyolehemiwa, ndiyo iliyobeba kila kitu. Katika chumba cha injini, kila upande una mnara wa bati, na ndani ya mnara huo springi ya gurudumu la mbele hukaa juu ya mkono wa juu wa gurudumu. Kwa kuwa springi iko karibu zaidi na injini kuliko gurudumu lilivyo, mkono huo hufanya kazi kama wenzo, na nguvu inayoifikia springi huzidi uzito unaobebwa na gurudumu. Mnara hupokea nguvu hiyo kila gari lipitapo shimoni. Baada ya miaka mingi, hasa kutu ikiwa imekwisha kula miguu yake, mnara huinamia injini.

Magari yaliyouzwa Marekani kwenyewe yalifungwa vyuma viwili vya kukazia, kila kimoja kikiunganisha mnara wake na ukuta unaotenga injini na abiria. Yale yaliyopelekwa nchi za nje yalipewa chuma kimoja kipana chenye mikono miwili. Gari la Shelby GT350 la mwaka 1965 lilitumia chuma hicho pamoja na upau mnyoofu unaokatiza juu ya injini toka upande hata upande. Sababu yake ni ya jometri. Wanafunzi na wapigilie fito nne kwa msumari mmojammoja pembeni, kisha wazisukume: zitalala. Wakiongeza ufito mmoja wa mshazari, hazitalala tena, kwa maana pembetatu haiwezi kubadili umbo pasipo upande wake mmoja kubadili urefu.

Wenye magari hayo hupenda sana kuondoa vyuma viwili vya awali na kufunga kile kimoja. Hapo ndipo kosa hutendeka. Matundu ya chuma kipya hukataa kulingana na yale ya mnara, pengine kwa milimita chache tu. Fundi huchukua tupa au keekee akayapanua, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kufanya hivyo ni sawa na mwanafunzi kufuta matokeo ya jaribio kwa sababu hayakufanana na ya kitabuni. Chuma kipya kimekatwa kufuata umbo ambalo gari lilitoka nalo kiwandani. Kwa hiyo tofauti ile ni kipimo cha jinsi mnara ulivyohama. Ni kweli kwamba vipuri vya kuiga navyo huwa na kasoro, lakini hilo laweza kujulikana kwa utepe wa kupimia, si kwa tupa.

Hasara yake si ndogo. Bolti hushika kwa kuvibana vipande viwili visiteleze. Tundu likipanuliwa, eneo la kubana hupungua, na chuma huteleza gari lipatapo kishindo. Isitoshe, mkono wa juu umefungwa katika mnara uo huo. Mnara ukiinama, kichwa cha gurudumu huvutwa ndani, na tairi huliwa ukingo wa ndani.

Yapasa kwanza gari lisimame kwa magurudumu yake mahali palipo sawa, upimwe umbali baina ya minara, nao ulinganishwe na vipimo vya kiwanda. Miguu ya minara ikaguliwe nyufa na kutu, kwani bati bovu halisaidiwi na chuma cha kukazia. Likiwa zima, minara hutanuliwa polepole kwa jeki ya parafujo, bolti zote zikatiwa kwanza bila kukazwa. Umbali uliopatikana uandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe, ili fundi atakayefungua boneti mwaka ujao apate pa kulinganishia.