Dada wa Karatu aliyepata mzungu: kabla ya kumwambia "vumilia", soma hapa

Kila aliyekaa Karatu anamjua dada huyu, jina tu ndilo hubadilika. Alikuwa mhudumu kwenye lodge, zile ambazo watalii wanalala usiku mmoja kabla ya kupita geti la Lodoare kwenda kreta. Mgeni mmoja akarudi mara ya pili, mara ya tatu akaja na pete. Picha zikapigwa kwenye ukingo wa Ngorongoro, kreta yote nyuma yao. Chini ya posti ikawa makopa matupu: "ameula", "katoboa huyo", "muulize kama ana kaka".

Baada ya miezi kadhaa akaunti ikapoa. Akiposti ni theluji ya dirishani, sura hakuna. Wabongo hawakawii: kaachika, kafulia, anaringa siku hizi. Hakuna anayeuliza swali lenye maana, pasipoti yake anaishika nani?

Zipo ndoa za hivi zenye raha zake, na wapo wazee Rhotia wanaokunywa maji ya bomba kwa sababu ya mkwe wa Ulaya. Ila pale kipigo kinapoanza, mwanamke mhamiaji anapigwa kwa ngumi na kwa karatasi. "Ukiita polisi nawapigia Uhamiaji, kesho uko kwenye ndege." Lugha hajaishika, kazi hana, marafiki wote ni wa mume. Akipiga simu nyumbani usiku, mama naye anamwambia vumilia mwanangu, nyumba bado haijaezekwa. Mama si mbaya. Ameamini uongo uleule ambao binti ameaminishwa.

Maana mara nyingi lile tishio ni uongo. Ujerumani, mke akikaa kwenye ndoa miaka 3 nchini humo anaweza kupata kibali chake mwenyewe hata wakiachana, na kama anapigwa sheria inaruhusu asisubiri hiyo miaka 3. Uingereza, mke wa raia ambaye ndoa yake imevunjwa na ukatili anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake, na kuna kibali cha miezi 3 cha kumshikilia apate msaada wa serikali wakati anaandaa maombi. Marekani wana sheria ya mwaka 1994 inayomruhusu mke wa raia kujiombea mwenyewe, na mume haambiwi kitu. Mume hafukuzi mtu nchini. Muhuri hana.

Na simu zipo. Ujerumani ni 116 016, bure, saa 24, bila kutaja jina, na wakalimani wapo. Uingereza ni 0808 2000 247. Hatari ikiwa mlangoni, 112 inaita karibu Ulaya nzima.

Isionekane kama kila kitu ni mteremko. Nyumba salama za wanawake huko zinajaa, na kuna usiku mtu anaambiwa nafasi hakuna. Halafu kinga nyingi za Ulaya zinamlenga aliyeingia kwa kibali cha mke. Aliyeondoka KIA na visa ya matembezi akaambiwa "mengine tutayamaliza kulekule", njia yake ni nyembamba sana. Hapo ndipo dada zetu wanapofeli, wanajua rangi ya gauni la send-off lakini hawajui visa yao imeandikwa nini. Picha ya pasipoti, ya visa na ya cheti cha ndoa zibaki kwa mtu mmoja nyumbani asiye na mdomo. Meseji za vitisho zisifutwe. Akiumia aende kwa daktari, yaandikwe.

Tusijifanye pia kwamba haya ni ya wazungu tu. Karatu kuna mzungu aliyemfuata guide wake, na ukaazi wake unategemea jina la mume. Kuna Mkenya aliyeolewa, kuna mwanamke aliyekuja Mang'ola msimu wa vitunguu akabaki kwa bwana. Nao wanaambiwa "utaenda wapi, hapa huna ndugu". Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na haikuandika kwamba inamlinda Mtanzania peke yake. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya kesi kama hizo, na PF3 anayoomba aliyepigwa haina sehemu ya kuuliza kama ana ndugu Karatu.

Sasa yule dada akiposti tena theluji, acha kumwomba iPhone. Mpigie. Na kabla ya salamu ndefu, kwa Kiswahili, muulize kama yuko peke yake chumbani.