MTAPO SI MNAZI

Nataka kutoa rai yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana mabwenini muhula huu. Je, miti ya jamii ya mnazi ni salama mahali penye mbwa? Wengine wanasema yote iliyopandwa mbele ya bweni ing'olewe, maana mlinzi wetu wa usiku ana mbwa wawili. Wengine wanasema hofu hiyo ni ya bure, kwa kuwa mbwa wa pwani huzaliwa chini ya mnazi na hafi. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: wanaviita vitu viwili kwa jina moja.

Sisemi haya kwa kusoma vitabu tu. Nyumbani kwetu, Mkoa wa Tanga, tulikuwa na mbwa wa kulinda aliyeitwa Simba. Uani palikuwa na minazi miwili, areka katika vyungu, na mtapo mmoja mkongwe alioupanda marehemu bibi yangu. Majani yake yalikatwa kupambia kila ilipotokea arusi mtaani. Likizo iliyopita mtapo ule ulizaa, na mbegu zake zikaanguka chini. Simba akaziokota, akawa anazirusha na kuzitafuna kama anayecheza mpira. Mimi nilimwona, nikacheka.

Usiku ule alitapika. Tulidhani amekula samaki aliyeoza, tukampa maziwa. Siku ya pili alikataa chakula. Siku ya tatu fizi zake na weupe wa macho viligeuka manjano kama bizari, na choo chake kikawa cheusi kwa damu. Ndipo baba alipomwita bwana mifugo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekula nini?" Nikamletea mbegu moja mkononi. Aliitazama, akatuambia tumechelewa. Simba alikufa kabla ya jua kuchwa.

Baba kwa uchungu alishika shoka. Aliukata mtapo, kisha akaielekea minazi. Bwana mifugo akamzuia, akasema, "Mzee, hiyo haina hatia. Usiadhibu ukoo mzima kwa kosa la mgeni."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka wenzangu wayashike. Mnazi, mtende, mkindu, mvumo na mchikichi ni ndugu wa ukoo mmoja, na areka ya Madagaska tunayoiweka barazani ni ndugu yao pia. Majani ya miti hiyo hayana sumu ya kumwua mbwa. Sisemi ni chakula: mbwa akimeza makumbi yanaweza kumziba tumbo, miiba ya mtende inaweza kumtoboa jicho, na popoo ina dawa kali ambayo zamani mbwa walipewa kuwatoa tegu. Lakini hayo ni mambo ya kuangalia tu, si sababu ya kushika shoka.

Mtapo hauhusiani nao ila kwa sura. Ni wa ukoo wa mimea ya kale sana, uliokuwako duniani kabla mimea haijajua kutoa maua. Ndugu yake wa Japani huuzwa katika vyungu kwa jina la sago, na sumu yao ni moja, nayo huitwa sikasini. Ikifika tumboni hugeuka kuwa sumu nyingine inayoliharibu ini. Mmea mzima una sumu, na mbegu zimezidi. Moja au mbili zaweza kumwua mbwa. Ng'ombe wanaokula mimea ya ukoo huu hupooza miguu ya nyuma. Hata wanadamu huugua. Watu wa kisiwa cha Guam walifanya unga wa mbegu hizo, lakini kwanza walizilowesha siku nyingi na kubadili maji mara kwa mara.

Utaujuaje? Mnazi hutoa jani moja moja, limefumbwa kama mkuki. Mtapo hutoa majani mengi kwa pamoja kama taji, na machanga yake hujikunja ncha kama konokono. Mnazi hutoa karara na maua. Mtapo hauna ua. Dume hutoa kitu kama gunzi kubwa katikati ya kilele, na jike huzaa mbegu pembeni mwa vijani vidogo palepale kileleni.

Najua wako watakaosema, "Basi mitapo yote ikatwe." Hapana. Ni mmea wa pwani yetu wenyewe, na ni pambo la heshima. Dawa ni kuuweka mahali pake: nyuma ya ua ambapo mbwa, mbuzi na watoto wadogo hawafiki, na mbegu zikusanywe kabla hazijaanguka. Mwenye mbwa asiyeweza kujenga ua, huyo na aung'oe. Wanaouza miche nao wawaambie wanunuzi ukweli, maana jina zuri halipunguzi sumu.

Na mbwa akionekana ametafuna, usingoje atapike. Maziwa hayaondoi sumu hii, na hakuna dawa inayoivunja. Mpeleke kwa bwana mifugo saa ile ile, ukiwa na mbegu au jani mkononi. Akiwahi anaweza kumtapisha, kumpa mkaa wa dawa na kumtia maji mshipani. Sisi tulikuwa na siku mbili nzima, tukazipoteza kwa kutojua.

Kwa hiyo naomba areka na mitende ya mbele ya bweni iachwe. Lakini wenzangu watembee hadi upande wa pili, karibu na ofisi, ambako mbwa wa mlinzi hulala mchana. Iko mitapo miwili pale, na hakuna aliyeitaja katika mabishano yote. Mmoja wao umeanza kuzaa. Niko tayari kuleta miti ya kujengea ua Jumamosi hii. Natafuta wawili wa kunisaidia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu