Dakika za Njiani

Mtu akiacha kazi ya kuhudumia wazee, wengi husema imemchosha, au alikuwa anaionea haya. Nakataa. Nimeifanya hapa Uingereza miaka sita, nyumba kwa nyumba, na bado sijachoshwa na mzee.

Kuna babu niliyekuwa naanza naye asubuhi, kumbukumbu zimemtoka. Chai ukimtilia kwenye kikombe cha udongo haigusi. Mtilie kwenye kile cha bati, kilichobanduka rangi ukingoni, ataimaliza na mkate atakula. Faili lake halikusema hivyo. Niligundua mwenyewe wiki ya tatu, baada ya kumwaga chai nyingi. Siku hiyo nilitoka pale nimejaa furaha kama niliyepandishwa cheo.

Kinachotutoa kazini ni njia. Ratiba inakupa dakika 30 kwa babu, dakika 15 kwa bibi wa mtaa wa tatu, na katikati yake hamna kitu. Basi likichelewa, hasara yako. Unatoka nyumbani saa 12 asubuhi, unarudi saa 4 usiku, na hati ya mshahara inahesabu saa 8 tu. Ilhali sheria ya kima cha chini cha mshahara inautambua mwendo wa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine kuwa ni kazi (safari ya kutoka kwako hadi kwa mteja wa kwanza haimo). Tunadai haki, hatuombi fadhila.

Mbona tunanyamaza? Viza. Mlango ulifunguliwa kwa wahudumu Februari 2022. Machi 2024 wapya wakazuiwa kuja na wenzi na watoto. Julai 2025 kuajiri kutoka ng'ambo kukafungwa. Aliyemo ndani anamtegemea mwajiri aliyemdhamini, na udhamini ukikatika kwa kawaida hupewa siku 60 kumpata mwingine. Aliyeuza shamba ili amlipe wakala atafunguaje kinywa kwa sababu ya nusu saa ya njiani? Mimi mwenyewe nilinyamaza miaka miwili. Kisha asubuhi moja nikajikuta namharakisha babu, kikombe kingali mdomoni mwake, chai ikamchuruzika kifuani. Nilijiogopa.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja anunue daftari dogo. Andika saa uliyotoka kwa mteja huyu na saa uliyofika kwa yule, kila siku. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao njoo nalo, pamoja na hati zako za mshahara za miezi mitatu. Tutazisoma pamoja, na jina lako halitatoka chumbani. Vyama vya wafanyakazi kama UNISON vinawapokea hata walio kwenye viza, kwa hiyo fomu zitakuwepo. Na ninyi mliokwisha kupata ukaazi wa kudumu au uraia, msikose: barua ya kwanza kwa mwajiri tunataka iwe na majina yenu.